Jinsi ya kulinganisha vitu kwa Kiingereza ukitumia "can", "may", "must", "should" na wenzao

Maswali haya hurudi kila muhula, tena kwa maneno yale yale. Kwa nini "Dodoma can to be colder" ni kosa, ilhali kwa Kiswahili tunasema "inaweza kuwa"? Kuna tofauti gani kati ya "must be cheaper" na "should be cheaper"? Kwa nini "more bigger" imepigwa mstari mwekundu? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa sekondari aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sasa anajibu mitihani kwa Kiingereza, kwa ajili ya karani wa Mtumba, mji wa Serikali jijini Dodoma, anayeandaa barua za ofisi, na kwa ajili ya kijana anayetaka kuwaongoza wageni kwenye michoro ya miambani ya Kondoa bila kubabaika.

Jambo moja likikaa vizuri kichwani, mengine yote hufuata. Sentensi ya aina hii hubeba vipimo viwili kwa wakati mmoja. Kipimo cha kwanza ni cha sifa: kitu ni kikubwa, ni kikubwa zaidi, au ni kikubwa kuliko vyote. Kipimo cha pili ni cha msimamo wako wewe unayesema: una uhakika, unakisia, unaagiza, unatarajia au unawazia tu. Kivumishi hubeba kipimo cha kwanza, na kitenzi kisaidizi, yaani "can", "may", "must" na wenzao, hubeba cha pili. Makosa mengi ninayosahihisha hutokana na mtu kutaka kupandisha kipimo kimoja kwa kutumia neno la kipimo kingine. Kwa mfano, anaandika "must" akidhani kwamba ataifanya sifa iwe kubwa zaidi, kumbe amepunguza uhakika wake mwenyewe.

Mahitaji kabla ya kuanza

Unahitaji daftari, kalamu, na kamusi ya Kiingereza inayoonyesha maumbo ya kivumishi pembeni ya neno lenyewe. Unahitaji pia kujua matumizi ya "am", "is", "are", "was" na "were". Mtu anayebabaika kati ya "is" na "are" aanzie huko kwanza, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinasimama juu ya maneno hayo. Mwisho, andaa orodha fupi ya vitu halisi unavyoweza kuvilinganisha: bei za sokoni, hali ya hewa ya miezi tofauti, umbali wa kutoka nyumbani hadi shuleni au kazini. Mifano ya kubuni isiyokuhusu haikai akilini.

Hatua ya 1: Andika ulinganishi mtupu

Usianze na kitenzi kisaidizi. Andika kwanza sentensi ya kawaida ambayo unajua ni ya kweli. Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam una watu zaidi ya milioni 5.3, na Mkoa wa Dodoma una watu zaidi kidogo ya milioni 3. Basi andika: "The population of Dar es Salaam Region is larger than that of Dodoma Region." Zingatia "that of": tunalinganisha idadi ya watu kwa idadi ya watu, si idadi ya watu kwa mkoa.

Katika hatua hii kazi kubwa ni kupata umbo sahihi la kivumishi. Kivumishi kifupi chenye silabi moja huongezewa "-er": "cold" huwa "colder", "cheap" huwa "cheaper". Kikiwa na irabu moja inayofuatwa na konsonanti moja mwishoni, konsonanti hiyo hurudiwa: "hot" huwa "hotter", "big" huwa "bigger". Kinachoishia na konsonanti na "y" hubadili "y" kuwa "i": "dry" huwa "drier", "dusty" huwa "dustier", nayo ni maneno mawili ambayo mkazi wa Dodoma atayahitaji sana kati ya Juni na Novemba. Vivumishi virefu hutanguliwa na "more": "more expensive", "more useful", "more comfortable". Vilivyotokana na vitenzi kwa "-ed" au "-ing" navyo huchukua "more", hata kama ni vifupi: "more tired", "more boring". Vichache havifuati kanuni yoyote na inabidi kuvikariri: "good, better, best", "bad, worse, worst", "far, further, furthest", "little, less, least", na "much" pamoja na "many", ambavyo vyote huenda "more, most".

Tahadhari: chagua "-er" au "more", kamwe si vyote viwili. Kosa la "more cheaper" hutoka kwenye Kiswahili chetu, ambako neno la sifa halibadiliki tunapolinganisha, na "zaidi" au "kuliko" ndiyo hufanya kazi ya kulinganisha. Mwanafunzi huona "cheaper" bado halina "zaidi" yake, naye huiongeza. Katika Kiingereza "zaidi" imeshaingia ndani ya "-er".

Hatua ya 2: Amua msimamo wako

Hapa ndipo penye uzito, na hapa ndipo ninapokuomba usiharakishe. Chukua sentensi moja: "The train is faster than the bus." Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai 2024, na mtu aliyesafiri kwa treni hiyo na kwa basi anasema "is faster" bila kuongeza neno, kwa sababu anajua. Wengine wote wanahitaji kitenzi kisaidizi, kila mmoja kulingana na anachokijua.

Ambaye hajaipanda, lakini ameona wenzake wakiondoka pamoja naye na kufika mapema kuliko yeye aliyepanda basi, anasema: "The train must be faster than the bus." Maana yake ni kwamba ushahidi unamlazimisha kuamini hivyo. Angalia jambo ambalo wengi hawalitarajii: "must be" ina uhakika mdogo kuliko "is". Anayejua hasemi "must". Kwa hiyo usiandike "Kilimanjaro must be the highest mountain in Africa". Hilo ni jambo linalojulikana, na ukiliandika hivyo msomaji atadhani unakisia. Andika "is".

Anayetarajia kwa sababu za msingi, kwa mfano kwa kuwa amesikia kwamba treni hiyo imejengewa mwendo mkubwa, anasema: "The train should be faster than the bus." Neno "should" lina sura mbili. Linaweza kuwa tarajio, kama hapa, na linaweza kuwa ushauri au wajibu: "The classroom should be cleaner than this", yaani darasa lilipaswa kuwa safi kuliko lilivyo sasa. Sentensi zinazozunguka ndizo zitakazomwambia msomaji ni sura ipi. Zikishindwa kumwambia, badilisha sentensi.

Asiyejua kabisa na anayeona lolote linawezekana anasema: "The train may be faster than the bus", au "might be faster", au "could be faster". Kwa Kiswahili zote tatu ni "huenda" au "inawezekana". Wapo wanaofundisha kwamba "might" ni dhaifu kidogo kuliko "may". Tofauti hiyo ni ndogo, na mwanafunzi anayeanza asipoteze muda juu yake.

Anayesema habari za wakati ujao anatumia "will": "The new road will be wider than the old one." Anayewazia hali ambayo haipo anatumia "would", ambayo hukaribiana sana na "-nge-" yetu: "A stall near the bus stand would be busier than this one", yaani kibanda kilicho karibu na stendi kingekuwa na wateja wengi kuliko hiki.

Sasa tufike kwenye "can", ambayo ndiyo inayosumbua kuliko zote. Kwa kuwa "-weza" yetu inatosha mahali pote, mwanafunzi huandika "Tomorrow can be hotter than today". Kiingereza hakisemi hivyo. "Can be" hutumika kwa jambo ambalo kwa kawaida hutokea mara nyingine, si kwa kukisia tukio moja. Ni sahihi kusema "Dodoma can be colder in July than visitors expect", kwa sababu hiyo ni tabia ya mji wetu ulio kwenye uwanda wa juu, usiku wa Julai unapokuwa na upepo. Kwa kesho yenyewe, sema "Tomorrow may be hotter" au "Tomorrow could be hotter". Jipime hivi: ukiweza kuingiza "mara nyingine" kwenye sentensi yako ya Kiswahili bila kuharibu maana, "can" inafaa. Ikiwa neno linalofaa ni "huenda", achana na "can".

Hatua ya 3: Ondoa "is" au "are", weka "be"

Baada ya kitenzi kisaidizi huja "be" tupu. Haiongezewi "s", haitanguliwi na "to", na wala haibadiliki kwa umoja au wingi. "These grapes are sweeter than those" huwa "These grapes may be sweeter than those". "This one is sweeter" huwa "This one may be sweeter".

Tahadhari tatu zinahusika hapa, na zote hutokana na lugha yetu. Ya kwanza ni "can to be" na "must to be". Kwa kuwa "kuwa" ina "ku-", na tumefundishwa kwamba "ku-" ni "to", mkono huandika "to" wenyewe. Ifute. Kitenzi pekee katika kundi hili kinachofuatwa na "to" ni "ought": "It ought to be cheaper." Ya pili ni kuiacha "be" kabisa: "Dodoma may drier." Kwa Kiswahili tunasema "Dodoma kukavu zaidi" na sentensi ikatosha, lakini Kiingereza hakikubali kivumishi kisimame bila kitenzi. Ya tatu ni kupanga vitenzi visaidizi viwili mfululizo, kama "will can be". Kimoja kinatosha, ukihitaji wakati ujao pamoja na uwezo, tumia "will be able to".

Hatua ya 4: Kanusha kwa uangalifu

Neno "not" hukaa kati ya kitenzi kisaidizi na "be": "may not be cheaper", "should not be longer". Hilo ni rahisi. Kinacholeta hasara ni maana, na hasara yenyewe huonekana katika barua, maelekezo ya mtihani na nyaraka za zabuni.

"Si lazima" si "must not". Mwombaji wa kazi akisoma "The letter must not be longer than one page", ajue kwamba amekatazwa: barua isizidi ukurasa mmoja. Akitaka yeye mwenyewe kusema "si lazima barua iwe ndefu kuliko ukurasa mmoja", anapaswa kuandika "The letter need not be longer than one page" au "does not have to be longer than one page". Nimeona watu wazima, wenye elimu nzuri, wakiandika katazo pale walipotaka kutoa ruhusa, na aliyepokea akatii katazo ambalo halikukusudiwa.

Kinyume cha "must be" ya kukisia nacho si "must not be", bali ni "cannot be". Ukiona gunia moja la alizeti linabebwa na mtoto na jingine limewashinda vijana wawili, utasema la pili "must be heavier", na mtu akibisha kwamba la kwanza ndilo zito zaidi, utamjibu: "It cannot be heavier." Yaani haiwezekani.

Neno "may not" lina maana mbili pia. Katika mazungumzo humaanisha "huenda isiwe". Katika kanuni na matangazo rasmi huweza kumaanisha kukatazwa: "Applicants may not be older than 35" ni sharti la umri, si makisio.

Kuna umbo moja linalowapotosha wengi. "It could be better" ni lawama ya upole: kingeweza kuwa bora kuliko kilivyo. "It couldn't be better" ni sifa ya juu kabisa: hakuna ubora unaozidi huu. Mgeni akionja zabibu zako na kusema "They couldn't be sweeter", usiombe radhi, amekusifu.

Hatua ya 5: Onyesha ukubwa wa tofauti

Kivumishi kilicho katika daraja la ulinganishi hakichukui "very". "Very colder" ni kosa. Tofauti kubwa huonyeshwa kwa "much", "far" au "a lot". Tofauti ndogo kwa "slightly", "a little" au "a bit". Neno hilo hukaa baada ya "be" na kabla ya kivumishi: "The afternoon will be much hotter than the morning", "The second harvest may be slightly smaller." Kama unataka usawa badala ya tofauti, tumia "as" mara mbili na kivumishi kibaki katika umbo lake la kawaida: "The second harvest should be as good as the first." Hapo "better" haina nafasi.

Hatua ya 6: Daraja la juu kabisa

Kiswahili husema "mrefu kuliko wote", ndiyo maana mwanafunzi huandika "taller than all". Kiingereza kina umbo lake, "the tallest" au "the most useful", na "the" ni ya lazima. Kwa mahali hutumika "in", kwa kundi hutumika "of": "the highest mountain in Africa", lakini "the cheapest of the three".

Kwa mwongoza wageni hatua hii ina thamani ya pekee. Michoro ya miambani ya Kondoa imo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, na umri wa mchoro mmoja mmoja si jambo la kutamka kwa uhakika. "This is the oldest painting here" ni dai zito. "This may be the oldest painting here" ni maneno ya mtu anayeheshimu anachokieleza, na mgeni mwenye elimu atakuamini zaidi kwa kusikia "may" hiyo.

Hatua ya 7: Wakati uliopita

Ukikisia au kujutia jambo lililopita, weka "have been" badala ya "be". "Last night must have been colder than Monday night" ni makisio yenye ushahidi. "The report should have been shorter" ni lawama: ilipaswa kuwa fupi, haikuwa. "The harvest could have been bigger" ina maana kwamba yangeweza kuwa mavuno makubwa zaidi, lakini hayakuwa. Hata kama mtendaji ni "he" au "she", ni "have", kamwe si "has".

Hatua ya 8: Uliza

Hamisha kitenzi kisaidizi kiende mbele, na mengine yabaki yalipo: "Could the price be a little lower?" Sentensi hii ni ya adabu na inafaa sokoni na ofisini pia. "Can the price be lower?" inaeleweka, ila ni kavu zaidi.

Ukikwama

Sentensi yako ina "if" na "would" mara mbili. Sisi tunasema "kama kibanda kingekuwa karibu na barabara, mauzo yangekuwa makubwa", tukitumia "-nge-" pande zote. Kiingereza huweka "would" upande wa matokeo tu: "If the stall were closer to the road, sales would be higher." Upande wa "if" huchukua wakati uliopita.

Mkaguzi wa tahajia hajaona kosa, lakini mwalimu ameliona. Mara nyingi ni "then" iliyoandikwa mahali pa "than". Yote mawili ni maneno halali, kwa hiyo kompyuta inaweza kuyapita. Baada ya "-er" au "more", kinachofuata ni "than" yenye "a".

Kivumishi kinagoma kulinganishwa. Vipo visivyo na ngazi, kama "dead", "married" na "impossible". Havichukui "more", lakini vinakubali kitenzi kisaidizi bila shida: "It may be impossible."

Hujui uchague "must" au "should" unapotoa agizo. Jiulize nini kitatokea agizo lisipofuatwa. Ikiwa kazi itakataliwa, ni "must". Ikiwa itapokelewa ila haitapendeza, ni "should".

Umekutana na "had better" na ukadhani ni ulinganishi. Sivyo, ingawa ndani yake mna "better". Hufuatwa na kitenzi kitupu na haina "than": "You had better leave early." Ni ushauri mkali wenye dalili ya onyo, kwa hiyo usiuandike kwa mkuu wako wa idara wala usimwambie mzee, maana utasikika kama unamtisha. Kwa watu hao rudi kwenye umbo tulilojifunza: "It would be better to submit the report before Friday."